Mji, Pindo na Jina: Lugha ya Vyanzo katika Kazi za Mwanafunzi wa Sanaa wa Temeke



Mada ya mhadhara huu ni ukurasa mmoja wa karatasi. Mwanafunzi wa sanaa katika chuo, anapokabidhi kazi yake ya mwisho wa muhula, hutakiwa kuambatisha maelezo mafupi: fikra ya kazi ilitoka wapi, ni vitu gani vilivyomvuta, na alipitia hatua zipi mpaka kazi ikasimama. Aghalabu ukurasa huo huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya Tanzania kwa masomo karibu yote nje ya Kiswahili chenyewe. Walimu wa sanaa huusoma haraka na kuurudia mchoro. Wanazuoni wa Kiswahili hawausomi kabisa, kwa kudhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa brashi na udongo.

Dhana hiyo ndiyo inayojadiliwa hapa. Vitu vinavyompa mwanafunzi wa mjini fikra ya kazi, hasa yule aliyekulia katika mitaa ya Temeke, humjia vikiwa na majina, na mara nyingi jina ndilo lililomwonyesha kitu. Anapoketi kuandika ukurasa wake, jina hukosa pa kukaa. Huachwa nje, na mahali pake huingia fungu la maneno ya jumla kuhusu utamaduni wa Kiafrika na uzuri wa maisha ya kijijini. Kijana ambaye hajapata kulala kijijini zaidi ya wiki mbili huandika kwamba kijiji ndicho kilichomvuta. Hakusudii kusema uongo. Katika lugha ile, hiyo ndiyo sentensi aliyo nayo.

Ieleweke mapema kwamba mwanafunzi anayezungumzwa si mtu mmoja mwenye namba ya usajili. Ni mfano uliojengwa kwa kukusanya mambo ya kawaida ya vijana wa aina yake: anakaa Tandika kwa mama yake, hupanda daladala mbili kwenda chuoni, na fedha za rangi humwishia kabla muhula haujaisha. Kazi zake zitakazotajwa ni za mfano vilevile. Watu waliotajwa kwa majina ni wa kweli.

FUNDI NA MWANAFUNZI

Neno mwanafunzi na neno fundi hukutana katika shina -fund-, ambalo limezaa pia funda, fundisha, mafunzo na ufundi. Matumizi ya kale ya kitenzi funda yangali hai katika unyago, ambako mwari hufundwa na kungwi wake. Temeke imejengwa juu ya ardhi ya Wazaramo, na kwa Wazaramo unyago ulikuwa na kazi yake ya sanaa: mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, kiwiliwili chake kama nguzo, matiti na kitovu vikiwa vimedokezwa tu, na nywele za kichwani zimegawanyika pande mbili. Mwari alikabidhiwa mwana hiti amtunze kama mtoto wakati alipowekwa ndani. Siku hizi vinyago hivyo huonekana zaidi katika makumbusho na katika mikusanyo ya Ulaya kuliko katika nyumba za Mtoni au Yombo.

Mwanafunzi wa sanaa humkuta mwana hiti kitabuni, katika picha, na chini ya picha pameandikwa kabila, aina ya mti na urefu kwa sentimita. Kwamba kitu kile kilikuwa sehemu ya kufundwa, na kwamba yeye mwenyewe huitwa kwa neno lililo na shina hilohilo, picha haisemi. Kama angesoma maelezo hayo kwa Kiswahili angeweza kuushuku uhusiano huo mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Hapo kuna hasara ya kweli, na ni hasara ya elimu kabla haijawa ya utamaduni.

Jina la somo lenyewe, sanaa za ufundi, lina busara kuliko linavyodhaniwa. Wako wanaoliona linashusha hadhi, kana kwamba linamweka mchoraji pamoja na seremala. Lakini neno sanaa lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kutengeneza na kazi ya mikono. Kwa hiyo jina hilo karibu linasema jambo lilelile mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kibantu, na halijamdhalilisha mtu.

Neno lililopata mkosi ni msanii. Katika mazungumzo ya Dar es Salaam, na hasa katika magazeti ya miaka ya 2000, usanii ulianza kumaanisha ulaghai: mwanasiasa anayeahidi asichokusudia kutenda anafanya usanii. Maana hiyo haijafutika. Mwanafunzi anayejitambulisha kwa jirani kuwa ni msanii hudhaniwa ama mwimbaji wa Bongo Fleva ama mtu wa kuangaliwa mifuko. Akijitambulisha kuwa ni fundi, huulizwa fundi wa nini. Swali la pili ni bora, maana lina jibu.

POMBE YA NDIZI

Suala la lugha ya vyanzo halikuanza na kizazi hiki. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, moja ya njia zake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha kuwaacha walichore kama walivyoliona moyoni. Njia hiyo ilikuwa na hekima: iliheshimu uwezo wa mwanafunzi wa kuona bila kuwekewa kitu mezani anakili. Hata hivyo, maneno yaliyotangulia picha yalikuwa ya Kiingereza, na aliyeyachagua alikuwa mwalimu.

Miongoni mwa wanafunzi wa Makerere alikuwamo Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Baadaye alikwenda kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, na mwaka 1961 akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. London haikumwondoa Kilimanjaro. Michoro yake iliendelea kujaa migomba, watu wanaolima pamoja, wanaojenga, wanaokwenda sokoni. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1956 ulinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York mwaka 1960. Unaonyesha wanaume wakipeleka pombe kwa bibi harusi usiku, na jina lake la Kiingereza huiita pombe hiyo pombe ya ndizi.

Mchaga yeyote angesema mbege. Na mbege si ndizi peke yake. Ndani yake umo ulezi, ambao huchemshwa na kuchanganywa na ndizi zilizopikwa, na kwa watu wa Kilimanjaro pombe hiyo ina adabu zake za kupelekwa, kupokelewa na kunywewa. Mtazamaji wa New York aliyesoma kibao ukutani alipata ndizi. Hakupata ulezi wala adabu, ambazo ndizo zilizowafanya wanaume wale wafunge safari usiku. Hakuna wa kulaumiwa: Ntiro alikuwa na wasomaji wa aina fulani, akawapa neno walilolielewa. Lakini mfano huo unaonyesha kwa uwazi jinsi chanzo kinavyoweza kusafiri salama katika rangi na kupungua katika maneno.

Edward Saidi Tingatinga hakuwa na ukurasa wa kujaza. Alitoka Tunduru, akafanya kazi za aina mbalimbali, na mwaka 1968 akaanza kuchora jijini Dar es Salaam, upande wa Msasani na Oyster Bay, kwa rangi za mafuta zilizokusudiwa kupaka vitu vya nyumbani na juu ya mbao nyepesi za kujengea. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora miaka minne tu. Wanafunzi wake walijifunza kwa kuketi kando yake, kama wanavyojifunza wanagenzi wa seremala, na mwaka 1990 warithi wa mtindo wake waliunda ushirika. Kwa kuwa hakuna aliyewaandikia maelezo wakati ule, wengine wamewaandikia baadaye, na kila mmoja kwa nadharia yake. Jina la familia, ambalo kwa Kiswahili ni jina la mashine ya kusukumia udongo, limekuwa jina la mtindo unaojulikana hadi Japani. Msamiati wa kazini wa watu waliouanzisha haujapata kamusi.

KEKO

Mwanafunzi wa Tandika, akielekea mjini kwa kupitia Chang'ombe, huiona Keko asubuhi, wakati mafundi wanapotoa samani nje. Vitanda, makabati na viti husimamishwa kando ya barabara bila rangi wala vanishi, na vumbi la mbao halijatulia bado. Kwa mtu anayetafuta kazi ya kuchonga, hapo ni darasa lisilo na ada. Lakini kinachopasa kuangaliwa na watu wa lugha ni jinsi mahali pale panavyozungumzwa.

Fundi ana randa, patasi, msumeno, tupa na msasa. Hutofautisha mninga na mkongo kwa kuunusa na kwa kuubeba. Msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani yenye mchanga, ni mti ambao majani yake makavu hukwaruza, na watu wa pwani waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la jani. Wakati huohuo lugha ya watu wa vitabu ilikwisha kuazima kutoka kwa seremala: muswada hupigwa msasa, na mwanariadha hupigwa msasa kabla ya mashindano. Vijana nao wamechukua kuchonga kwa maana ya kusema mno, na mchongo kwa maana ya mpango wa kupata riziki. Karakana ya mbao, kwa hiyo, imeshailisha lugha ya Kiswahili kwa muda mrefu bila kutambuliwa kuwa ni chanzo cha chochote.

Katika kazi yake ya kwanza ya mfano, mwanafunzi huyu hukusanya maranda. Maranda ni zile nyuzi pana za mbao zinazojikunja zinapotoka chini ya randa. Wafugaji wa kuku huzinunua kwa magunia ili kutandika mabandani, na hakuna mtu wa Keko anayeziona kuwa ni taka. Mwanafunzi huzipanga juu ya ubao, nyeupe za msonobari kando ya nyekundu za mninga, hata zifanane na mawimbi yanayovunjika. Anapofika kwenye ukurasa wake huandika kwa Kiingereza kwamba ametumia mabaki ya mbao ili kutoa ujumbe kuhusu mazingira. Mwalimu huridhika, kwa sababu mabaki na mazingira ni maneno yanayotarajiwa.

Lakini maranda si mabaki. Neno lenyewe limebeba ndani yake kifaa kilichoyazaa: randa imepita, maranda yametoka. Kila unyuzi ni alama ya mkono uliosukuma mara moja, kwa urefu wa pumzi moja, na fundi anayeyaangalia hutambua kama blade ilinolewa au ilikuwa butu. Laiti ukurasa ungeandikwa kwa Kiswahili, mwanafunzi angelazimika kuandika neno maranda, na neno hilo lingemwuliza swali ambalo mabaki halimwulizi: mkono wa nani? Kazi yake ingeweza kuwa picha ya watu wa Keko wanaofanya kazi, bila mtu hata mmoja kuchorwa. Hapana budi kukiri kwamba swali hilo lingeweza kumjia kwa njia nyingine. Lilikuwa hapo tayari, hata hivyo, katika neno alilolitumia asubuhi ile alipokuwa akiomba gunia.

MJI, PINDO NA JINA

Nyumbani kwake kuna kanga. Zimetundikwa kambani, zimefungwa kiunoni, zimembeba mtoto wa jirani, zimefunika sufuria ya maandazi. Ni vigumu kupata kitu kilichoonwa zaidi na kuangaliwa kidogo zaidi na mwanafunzi wa sanaa wa Temeke.

Kanga ni kazi ya sanaa yenye sheria. Ina pindo, yaani ukingo unaozunguka pande zote nne. Ina mji, yaani uwanja wa katikati pamoja na mapambo yake. Ina jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu kidogo ya pindo la chini, ambayo zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawa, na mnunuzi ndiye hukata na kupiga pindo la uzi. Kanga ilipata umbo lake pwani katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa; viwanda vilivyoichapa vimekuwa India, Uholanzi, Uingereza, Japani, na baada ya uhuru Dar es Salaam kwenyewe, ambako kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968. Nchi zimebadilika, mashine zimebadilika, sheria ya mji, pindo na jina imebaki.

Wanafunzi wa Kiswahili wamekwisha kuandika tasnifu nyingi kuhusu majina ya kanga: methali, mafumbo, vijembe, dua. Karibu zote hukata jina kutoka kwenye kitambaa na kuliweka kwenye orodha, kama mtu anayeng'oa vibao vya milango ili aujue mtaa. Wanafunzi wa sanaa, kwa upande wao, hunakili maua na korosho zilizo katikati na kuliacha jina, kwa kuwa wamefundishwa kwamba maandishi si mchoro. Kila taaluma imechukua nusu yake. Mwanamke anayechagua kanga dukani Tandika hafanyi hivyo. Hulisoma jina, huuangalia mji, huipima rangi na ngozi yake na na neno alilokusudia kulifikisha kwa mtu fulani, na huamua kwa mara moja.

Neno mji linastahili kutuliwa kidogo. Kwa nini uwanja wa katikati uitwe mji? Jibu la hakika la asili yake halihitajiki ili kuona linachofanya. Anayeuita uwanja huo mji amekwisha kuupangia picha: kuna katikati panapokaliwa, kuna pembeni panapozunguka, na kuna neno linalosemwa mpakani. Lugha za sanaa za Ulaya huita sehemu hiyo uwanja au usuli, maneno ya mahali patupu. Mji una watu.

Kazi ya pili ya mfano hutoka hapo. Mwanafunzi huchora doti moja juu ya vitambaa viwili vikubwa. Pindo la vyote viwili ni barabara: kwa upande mmoja Kilwa, kwa upande mwingine Mandela. Mji ni mapaa ya mabati ya Tandika na Azimio yakionekana kutoka juu, yamebanana, kila moja na kutu yake. Kipande cha kwanza kina jina. Cha pili hakina. Mahali pa jina pameachwa wazi. Mama yake akiviona atauliza swali ambalo wanawake wa pwani wangeliuliza karibu wote: "Mwanangu, hii ya pili haina jina, nani ataivaa?" Swali hilo ni uhakiki kamili wa kazi ile. Linataja kasoro, linataja matumizi, na linamtaja mtazamaji. Kwenye ukurasa wa Kiingereza haliingii, kwa sababu katika lugha ile kitambaa kisicho na maandishi hakikosi kitu.

RANGI

Sarufi ya Kiswahili ina vivumishi vya asili vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. (Mwisho wa safari wa Mbagala huitwa Rangi Tatu. Kulingana huko ni kwa bahati tu, na yeyote atakayeandika makala ya kudai vingine asisingizie mhadhara huu.) Rangi nyingine zote hutajwa kwa kitu: kijani kutoka majani, kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa, manjano ambayo ni kiungo chenyewe cha mchuzi, zambarau na chungwa ambayo ni matunda, samawati kutoka neno la Kiarabu la mbingu. Kisha kuna zile ambazo hazipatikani katika visanduku vya rangi vya dukani: rangi ya maji ya kunde, rangi ya ugoro, damu ya mzee.

Imesemwa mara nyingi kwamba hali hiyo ni upungufu wa lugha. Mchoraji anaweza kuiona kinyume chake. Anayesema maji ya kunde ametaja wekundu hafifu wenye uweusi ndani, unaopenyeza mwanga, na amewataja pia jikoni na sufuria iliyofunuliwa. Anayesema damu ya mzee ametaja wekundu uliokolea na kwenda polepole. Maneno haya hayapimi rangi kwa nambari, huipa mahali. Kwa mwanafunzi ambaye fedha zake za rangi zimekwisha, yana faida nyingine: yanamwonyesha mahali pa kuipata.

Kazi yake ya tatu ni mbao ndogo kumi, kila moja imepakwa rangi iliyotengenezwa kwa kitu kilichoipa jina: manjano yaliyotwangwa, kahawa iliyochemshwa hata ikawa nzito, jivu lililochanganywa na gundi ya seremala, majani ya mchicha, maji ya kunde yenyewe. Kazi hiyo ina kasoro moja ambayo mwalimu mzuri ataitaja mara moja: manjano hayastahimili jua. Yakiwekwa mbele ya dirisha hupauka. Mchicha nao hugeuka rangi mapema. Baada ya muda ubao wa manjano hautakuwa tena wa manjano, ila jina lake litabaki limeandikwa chini. Je, kazi imeharibika au imekamilika? Wanafunzi wa isimu waliokwisha kusoma kuhusu jina na kirejelewa wangeweza kulijadili swali hilo kwa saa nzima, na ingekuwa vyema walijadili mbele ya ubao wenyewe.

PINGAMIZI

Yapo mambo matatu ambayo mtu makini anaweza kuyatoa dhidi ya haya yote, na mawili kati yake yana uzito.

La kwanza ni kwamba msamiati wa mafundi si sanifu. Hilo ni kweli na halisumbui sana. Msamiati wa uvuvi na wa ujenzi wa majahazi haukuwa sanifu pia kabla watafiti hawajakwenda kuukusanya.

La pili ni soko. Mwanafunzi akihitimu hutafuta nafasi ya kuonyesha kazi, msaada wa fedha, mwaliko wa kwenda nje. Nafasi Art Space, iliyoanzishwa Mikocheni mwaka 2008 na kuwapa wasanii vyumba vya kazi, hupokea wasanii na wageni wa nchi nyingi. Barua za maombi husomwa na watu wasiojua maranda ni nini. Kumfundisha kijana aandike Kiswahili peke yake kungekuwa kumfungia mlango. Jibu linalowezekana ni la utaratibu: aandike kwanza kwa Kiswahili, kwa ukamilifu, kisha aandike upya kwa Kiingereza akijua analoliacha. Ukurasa wa kwanza usahihishwe na kupewa alama kama ulivyo wa pili. Hilo lahitaji mwalimu wa sanaa na mwalimu wa Kiswahili kuketi meza moja, jambo ambalo ratiba za vyuo hazilipendi.

La tatu ndilo gumu. Je, fundi hatukuzwi kupita kiasi? Fundi wa Keko siku hizi hupokea picha katika simu, kitanda cha Dubai au cha Uturuki, na huagizwa atengeneze kilekile. Akiulizwa chanzo cha kazi yake atamtaja mteja. Hana muda wa kuzungumzia mkono na pumzi. Pingamizi hilo ni la haki, na mwanafunzi anayekwenda Keko kutafuta hekima ya mababu atakuta watu wanaobishana kuhusu bei ya sponji. Lakini hata hapo lugha inafanya kazi. Kitanda cha Dubai, kikifika Keko, hupewa majina mapya ya sehemu zake ili wanagenzi wajue wakate nini, na majina hayo hubuniwa papo hapo kwa Kiswahili. Hakuna chuo kinachoyaandika.

Inafaa kukumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa TMK Wanaume, akiwamo Juma Nature, waliifanya Temeke ijulikane nchi nzima kwa herufi tatu. Walitumia maneno ya mitaa yao kama walivyoyakuta, na hakuna aliyewadai ukurasa wa Kiingereza wa kueleza yalikotoka. Singeli, iliyokua katika mitaa kama Manzese na Mbagala, imefika kwenye majukwaa ya Ulaya kwa namna hiyohiyo. Mwanafunzi wa sanaa ametoka katika mitaa ileile na pengine amesoma darasa moja na waimbaji hao. Tofauti yake ni kwamba yeye alikwenda chuoni.

Kuna haja ya haraka katika jambo moja. Kwa miaka mingi daladala za Dar es Salaam, tangu usafiri wa watu binafsi uliporuhusiwa mwaka 1983, zimekuwa zikibeba maandishi nyuma na ubavuni: majina, dua, majigambo, vijembe kwa madereva wenzao. Yaliyo mengi yalichorwa kwa mkono na mafundi wa vibao, walewale waliochora vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi na samaki kwenye mabanda ya chipsi. Mabango ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine yamewapunguzia kazi hao, na mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza kazi jijini mwaka 2016, hayana maandishi ya mtu yeyote ila namba na jina la njia. Barabara ya Kilwa, inayokata Temeke hadi Mbagala, nayo imejengewa njia zake.

Mafundi wa vibao wa kizazi cha kwanza wangalipo, baadhi yao. Wanajua jinsi ya kuigawa herufi ili neno refu litoshe juu ya bodi fupi, wana jina la kila mwelekeo wa brashi, na wanakumbuka nani aliandika nini juu ya gari gani na ugomvi uliofuata. Mwanafunzi wa sanaa anaweza kuchora wanachokionyesha. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuandika wanachokisema. Kutoka Tandika mpaka vibanda vyao ni mwendo wa miguu.